Maumivu ya Chuchu Katika Siku za Mwanzo za Kunyonyesha

Maumivu ya chuchu ni miongoni mwa sababu kubwa zinazowafanya wanawake waliodhamiria kunyonyesha wamwanzishie mtoto maziwa ya kopo, au waache kunyonyesha kabisa, kabla ya wakati waliojipangia. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto aanze kunyonya ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, anyonye maziwa ya mama pekee, bila hata maji, hadi atimize miezi sita, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka miwili au zaidi. Lakini tafiti za kitaifa za mwaka 2022 zilionesha kuwa watoto walio chini ya miezi sita waliokuwa wakinyonya maziwa ya mama pekee walikuwa asilimia 64 nchini Tanzania na asilimia 60 nchini Kenya. Sababu za pengo hilo ni nyingi, zikiwamo kazi, ushauri wa ndugu na hofu kwamba maziwa hayatoshi, ila maumivu yana nafasi ya pekee kwa kuwa huja mapema mno, wakati mama bado anajifunza na mwili wake haujapata nafuu ya uzazi. Makala hii inashikilia kwamba maumivu hayo, kwa wanawake walio wengi, si ugonjwa wa ngozi wala sehemu ya uzazi inayopaswa kuvumiliwa kimya, bali ni matokeo ya namna mtoto anavyolishika titi, na kwamba anayehangaika na marhamu kabla ya kurekebisha mshiko huo anatibu jeraha huku kinachojeruhi kikiendelea.

Ni vyema kwanza kutenganisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. La kwanza ni wororo wa chuchu, yaani hali ya chuchu kuhisi upesi kila kinachoigusa, ambayo hutokana na mabadiliko ya homoni za ujauzito na uzazi, na ambayo mama huisikia kama mvutano mkali mtoto anapoanza kunyonya, kisha hupungua ndani ya nusu dakika hadi dakika moja maziwa yanapoanza kushuka. Hali hii huongezeka kati ya siku ya tatu na ya saba, halafu hufifia yenyewe, na haiachi alama juu ya ngozi. La pili ni jeraha, yaani ngozi kuchubuka, kupasuka, kutoa damu au kufanya gaga, pamoja na maumivu yanayoendelea tangu mtoto anaposhika titi hadi anapoliachia, au yanayobaki hata baada ya hapo. Jambo la kwanza ni la kawaida. La pili, hata kama limewapata wanawake wengi kiasi cha kudhaniwa kuwa la kawaida, lina chanzo kinachoweza kutafutwa na kuondolewa.

Ili kukielewa chanzo hicho, inafaa kutazama kinachotokea ndani ya kinywa. Sehemu ya juu ya kinywa huitwa kaakaa, nayo imegawanyika katika kaakaa gumu lililo mbele, ambalo ni mfupa uliofunikwa na ngozi nyembamba, na kaakaa laini lililo nyuma, karibu na koo. Mtoto aliyeshika titi vizuri hachukui chuchu peke yake, bali hujaza kinywa kwa chuchu pamoja na sehemu kubwa ya duara jeusi linaloizunguka, hivyo ncha ya chuchu hufika nyuma, jirani na pale kaakaa gumu linapokutana na kaakaa laini, ambako hakuna kinachoisugua. Donna Geddes na wenzake wa mjini Perth, Australia, waliotumia altrasaundi kutazama ndani ya vinywa vya watoto wakinyonya, walionesha mwaka 2008 kwamba maziwa humiminika ulimi unaposhuka chini na kuongeza mfyonzo, wala si kwa ulimi kuikaba chuchu. Mtoto aliyeshika chuchu tupu huibana ncha yake kati ya ulimi na kaakaa gumu, huisugua mamia ya mara katika kila mlo, na kwa kuwa hapati maziwa ya kutosha, hufyonza kwa nguvu zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Ndiyo maana jeraha la chuchu na mtoto asiyeshiba huambatana mara nyingi, na ndiyo maana pia kurekebisha mshiko huponya mambo mawili kwa pamoja.

Maarifa haya hayakupatikana upesi. Kwa miongo mingi ya karne ya 20 hospitali za Uingereza na Marekani, ambazo mitaala yake ilirithiwa na vyuo vingi vya uuguzi Afrika Mashariki, ziliamini kwamba chuchu huumia kwa kunyonywa mno, na hivyo mama aliagizwa amnyonyeshe mtoto dakika chache tu siku ya kwanza, aongeze kidogo siku ya pili, na kuendelea hivyo kwa kutazama saa. Mwaka 1984 Manoel de Carvalho na wenzake walichapisha uchunguzi ulioonesha kuwa idadi ya milo na urefu wake katika siku za mwanzo havikuwa na uhusiano na maumivu ya chuchu, na mwaka 1986 Michael Woolridge, mtafiti wa Uingereza, akaeleza katika makala mbili jinsi mtoto anavyonyonya na jinsi mshiko mbaya unavyojeruhi. Tamko la pamoja la Shirika la Afya Duniani na UNICEF la mwaka 1989, lililozaa mpango wa Hospitali Rafiki kwa Mtoto ulioanzishwa mwaka 1991, lilisisitiza kwamba mtoto anyonyeshwe kila anapotaka, bila kupangiwa saa. Hata hivyo ushauri wa kuzipumzisha chuchu kwa kupunguza muda wa kunyonya bado husikika wodini na majumbani, na madhara yake ni makubwa kuliko yanavyoonekana, kwa sababu kumpunguzia muda mtoto aliyeshika vibaya huchelewesha jeraha kwa siku moja au mbili tu, huku kukiyanyima matiti amri ya kutengeneza maziwa.

Kurekebisha mshiko huanza na namna mtoto anavyopakatwa kabla mdomo wake haujafika titini. Sikio, bega na nyonga yake vinapaswa kuwa katika mstari mmoja, mwili wake wote uelekee kwa mama, tumbo likigusa tumbo, na pua yake iwe mkabala na chuchu, si mdomo, ili atakapoinua kichwa kidogo na kufungua kinywa, kidevu kitangulie na mdomo wa chini ulishike titi mbali na chuchu. Kosa linaloonekana mara nyingi ni kumlaza mtoto chali mapajani na kumgeuza kichwa tu, kwa sababu mtu aliyegeuza shingo hawezi kumeza kwa raha, na mtoto wa namna hiyo huivuta chuchu upande ili asipoteze mshiko. Mama humgusisha mtoto chuchu juu ya mdomo, kisha husubiri. Na kusubiri huku ndiko kunakohitaji subira kuliko jambo lingine lote, kwa kuwa kinywa kilichofunguka nusu hakipasi kuwekwa titini, hata kama mtoto analia na watu wamesimama wakitazama. Kinywa kinapofunguka kama cha mtu anayepiga miayo, mama humsogeza mtoto upesi kwenye titi, akimsukuma mgongoni kati ya mabega, si kisogoni, maana mtoto anayebanwa kisogo hujikunja nyuma na kupambana.

Wakufunzi wa kunyonyesha hutumia ishara nne kupima mshiko: kinywa kiwe wazi sana, mdomo wa chini uwe umegeuka nje, kidevu kiguse titi, na sehemu ya duara jeusi inayoonekana juu ya mdomo wa mtoto iwe kubwa kuliko inayoonekana chini yake. Ishara hizi ni nzuri, lakini zinatazamwa kutoka nje, na anayejua zaidi ni mama mwenyewe, kwani maumivu yanayozidi dakika moja ni ushahidi mkubwa kuliko picha yoyote ya ukutani. Ipo pia ishara ya mwisho ambayo wakunga wazoefu hawaiachi, nayo ni umbo la chuchu mtoto anapoliachia titi: chuchu iliyonyonywa vizuri hutoka ikiwa ya duara na ndefu kidogo, ilhali iliyobanwa hutoka imebonyea upande mmoja, au ikiwa na mstari mweupe kwenye ncha. Mshiko ukiwa mbaya, mtoto haondolewi kwa kuvutwa, kwa sababu kumvuta ndiko kunakopasua ngozi. Mama huingiza kidole safi pembeni mwa kinywa cha mtoto, kati ya fizi, hadi mfyonzo ukatike, kisha huanza upya. Kuanza upya mara tatu au nne katika mlo mmoja si kushindwa.

Mkao wa mama nao una uzito wake. Anayeinama kumfuata mtoto huchoka mgongo, na mkono ukichoka mtoto huteleza taratibu hadi anabaki ameshika ncha ya chuchu, hivyo mlo ulioanza vizuri huishia kwa mchubuko. Mto, khanga iliyokunjwa au blanketi chini ya mkono hutosha kulizuia hilo, na mama aliyeketi mkekani anahitaji ukuta wa kuegemea sawa na aliye kitini. Mama aliyefanyiwa upasuaji huona nafuu akimpakata mtoto ubavuni, miguu ikipita kwapani kuelekea nyuma, ili asikandamize kidonda, au akinyonyesha amelala ubavu. Suzanne Colson wa Uingereza, katika kazi yake ya mwaka 2008, alitetea mkao wa mama kuegemea nyuma, nusu ameketi nusu amelala, huku mtoto akiwa kifudifudi juu ya kifua chake, kwa hoja kwamba uzito wa mtoto mwenyewe humsaidia kuingia titini na kuamsha uwezo wa kuzaliwa wa kutafuta chuchu kwa kidevu na mikono. Mkao huo unafaa hasa kwa mama mwenye maziwa yanayotoka kwa kasi, ambaye mtoto wake hukaba chuchu ili kupunguza mbubujiko.

Kuna siku moja ambayo mshiko uliokuwa mzuri huharibika ghafla, nayo ni ile maziwa yanapojaa, kati ya siku ya pili na ya tano, baada ya dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya rangi ya njano. Titi lililojaa huwa gumu, ngozi hunyooka, chuchu hubapa, na mtoto aliyekuwa akishika duara zima huteleza na kubaki na ncha, tatizo linalozidi kwa wanawake waliotiwa maji mengi ya dripu wakati wa uchungu kwa kuwa sehemu ya maji hayo huvimbisha duara la chuchu. Suluhisho ni kulilainisha duara kabla ya kunyonyesha, ama kwa kukamua kidogo kwa mkono, ama kwa kubonyeza kwa ncha za vidole kuizunguka chuchu, kuelekea kifuani, kwa takriban dakika moja, njia iliyoenezwa na muuguzi wa Marekani K. Jean Cotterman, ambayo huusukuma uvimbe nyuma kwa muda unaomtosha mtoto kushika. Desturi ya kumkanda mzazi kwa maji ya moto ina nafasi yake katika kumfariji, lakini matiti yaliyovimba hayafai kukandwa kwa nguvu wala kwa maji yanayounguza. Kitambaa cha uvuguvugu kabla ya mlo na cha baridi baada yake ndicho kinachotuliza.

Ngozi yenyewe inahitaji kidogo kuliko inavyodhaniwa. Katika duara la chuchu mna tezi ndogo, zinazojulikana kwa jina la daktari wa Ireland William Montgomery aliyezieleza mwaka 1837, ambazo hutoa mafuta ya kuilinda ngozi hiyo. Sabuni, spiriti na dawa za kuua vijidudu huyaondoa mafuta hayo na kuiacha ngozi kavu, tayari kupasuka, kwa hiyo maji ya kuoga ya kawaida yanatosha. Zoezi la kuzisugua au kuzivuta chuchu wakati wa ujauzito ili zikomae halina faida iliyothibitika, na jaribio kubwa lililofanyika Uingereza na Kanada, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 1994, lilionesha kuwa mazoezi ya kuzivuta chuchu zilizobonyea na vifuniko vya kuvaliwa ndani ya sidiria wakati wa mimba havikuongeza idadi ya wanawake walioendelea kunyonyesha.

Kuhusu vya kupaka, ushahidi unafundisha unyenyekevu. Mapitio ya tafiti yaliyofanywa na mtandao wa Cochrane mwaka 2014, yaliyojumuisha majaribio manne yenye wanawake 656, yalilinganisha lanolini, ambayo ni mafuta ya manyoya ya kondoo yaliyosafishwa, pamoja na pedi za gliserini, marhamu ya mchanganyiko wa dawa na maziwa ya mama mwenyewe, na hayakupata ushahidi thabiti kwamba kimojawapo kinapita vingine, wala kwamba kinapita kutopaka chochote. Wanawake wengi, bila kujali walipewa kipi, walikuwa na maumivu madogo tu kufikia siku ya 7 hadi ya 10. Matokeo hayo hayana maana kwamba kupaka ni upuuzi, ila yana maana kwamba mwanamke wa Kigoma au Lamu asiyeweza kununua mrija wa lanolini hajakosa tiba. Matone ya maziwa yake, akiyakamua baada ya mlo na kuyaacha yakauke juu ya chuchu, ni safi, hayagharimu, na hayahitaji kufutwa kabla mtoto hajarudi titini. Mafuta ya nazi yaliyo safi, yakipakwa kiasi kidogo, yanakubalika kwa sababu hiyohiyo ya kuzuia ukavu.

Hapa pia ushauri wa zamani umebadilika. Wanawake waliambiwa wayaache matiti wazi juani ili vidonda vikauke, lakini George Winter wa London alikuwa ameonesha tangu mwaka 1962, kwa vidonda vya nguruwe, kwamba jeraha lililohifadhiwa katika unyevu hufunikwa na ngozi mpya haraka kuliko lililoachwa likauke na kufanya gaga. Chuchu iliyopasuka basi ihifadhiwe katika unyevunyevu wa mafuta au maziwa, huku maji na jasho la nje vikiondolewa, jambo ambalo katika joto la pwani humaanisha kubadilisha vitambaa vya ndani ya sidiria kila vinapolowa, na kuepuka vya nailoni. Asali isipakwe kamwe, kwa kuwa huweza kubeba mbegu za kijidudu cha botulisimu, ambacho hutoa sumu ndani ya utumbo wa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja na kumpooza misuli. Shubiri, ambayo akina mama wa Afrika Mashariki wamekuwa wakiipaka chuchuni ili kumwachisha mtoto kwa uchungu wake, haina sababu ya kupakwa na mama anayetaka mtoto azidi kunyonya.

Wakati mshiko unarekebishwa, mama hapaswi kuachwa na maumivu yake. Parasetamoli na ibuprofeni, kwa kipimo cha kawaida na kwa asiye na sababu ya kiafya ya kuziepuka, ni salama kwa anayenyonyesha, na zikinywewa nusu saa kabla ya mlo mgumu hupunguza hofu inayozuia maziwa kushuka, kwa sababu homoni ya oksitosini, inayoyasukuma maziwa, huzuiwa kwa muda na maumivu na wasiwasi. Mlo uanzie titi lisiloumia sana, maana mtoto mwenye njaa kali hufyonza kwa nguvu zaidi mwanzoni. Kama jeraha ni baya kiasi kwamba mama hulia kila mtoto anapokaribishwa, titi hilo linaweza kupumzishwa kwa siku moja au mbili, lakini lisiachwe lijae. Likamuliwe kwa mkono kila baada ya saa mbili au tatu, na maziwa yapewe mtoto kwa kikombe kidogo au kijiko, si kwa chupa, ambayo humfundisha kushika chuchu kwa kinywa kilichofumbika nusu. Vikinga chuchu vya silikoni vinavyouzwa madukani husaidia baadhi ya wanawake kwa muda mfupi, chini ya uangalizi wa anayevijua, ila vikitumiwa kufunika mshiko mbaya huliahirisha tatizo na huweza kupunguza maziwa.

Yapo maumivu yasiyotii yote haya, na mtu anayeng'ang'ania kwamba kila maumivu ni mshiko atawaumiza wanawake wenye sababu nyingine. Chuchu yenye nyufa zinazotoa usaha au gaga la njano, isiyopona licha ya mshiko mzuri, huenda imeingiliwa na bakteria wa kundi la stafilokoka, na huhitaji dawa ya antibayotiki iliyoandikwa na tabibu, si vidonge vilivyobaki kabatini, kwa kuwa maambukizi hayo huweza kuendelea hadi kuvimba kwa titi zima kunakoambatana na homa, na hatimaye jipu. Maumivu ya kuungua yanayoanza upya baada ya majuma kadhaa ya kunyonyesha bila shida, hasa mama au mtoto akiwa ametoka kutumia antibayotiki, na hasa kinywa cha mtoto kikiwa na utando mweupe usiofutika kwa kitambaa, huashiria fangasi, na sharti mama na mtoto watibiwe pamoja, la sivyo huambukizana. Dawa ya zambarau inayojulikana kama GV imetumika kwa tatizo hilo kwa miaka mingi katika zahanati za Afrika Mashariki, lakini mwaka 2019 mamlaka ya afya ya Kanada ilitoa tahadhari dhidi yake kwa wasiwasi wa saratani, na matone ya nistatini ni chaguo bora yanapopatikana. Vitabu vingi huelekeza kutafuta wekundu wa ngozi kama dalili ya maambukizi, jambo ambalo halimsaidii mkunga anayetazama ngozi nyeusi. Kwake dalili za kuaminika ni ngozi kung'aa isivyo kawaida, kubanduka, joto, uvimbe na maumivu anapoigusa.

Aina nyingine ya maumivu hutokana na mishipa ya damu ya chuchu kujikaza, ambapo chuchu huwa nyeupe baada ya mlo, pengine hubadilika kuwa ya samawati kabla ya kurudi rangi yake, ikiandamana na maumivu ya kuchoma. Baridi huichochea, kwa hiyo huwasumbua zaidi wanawake wa nyanda za juu kama Makete au Kinangop, na Waswahili waishio Ulaya na Amerika ya Kaskazini, kuliko wale wa Tanga na Mombasa. Tiba yake ya kwanza ni joto kavu: chuchu ifunikwe kwa kiganja au kitambaa cha joto mara mtoto anapoliachia titi, na ikizidi, daktari huweza kutoa nifedipini, dawa ya shinikizo la damu inayolegeza mishipa. Mara nyingi hata hapa kichocheo ni mshiko unaobana.

Kuhusu mtoto mwenye utando mfupi chini ya ulimi, unaomzuia kuutoa ulimi nje ya ufizi, mapitio ya Cochrane ya mwaka 2017 yalionesha kuwa kuukata utando huo kulipunguza maumivu ya mama kwa muda mfupi, japo majaribio yalikuwa matano tu na yalihusisha watoto 302. Uamuzi huo ni wa daktari aliyemtazama mtoto akinyonya, na usichanganywe na kukata kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni, ambacho waganga wa jadi katika sehemu kadhaa za Tanzania hukikata kwa watoto wachanga. Kitendo hicho hakihusiani na kunyonya, na kimesababisha vifo kwa kutokwa na damu na maambukizi.

Kwa mama anayeishi na virusi vya UKIMWI jeraha la chuchu lina uzito tofauti. Joanne Embree na wenzake, waliowafuatilia akina mama wa Nairobi na kuchapisha matokeo mwaka 2000, walikuta vidonda vya chuchu na uvimbe wa matiti vikihusiana na ongezeko la maambukizi kwa mtoto kupitia kunyonya. Leo dawa za kufubaza virusi zimepunguza hatari hiyo mno, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unamshauri mama anayezitumia vizuri anyonyeshe kwa angalau miezi 12, na aweza kufika miezi 24 au zaidi. Lakini chuchu inapopasuka na kutoa damu, anyonyeshe upande mzima, akamue na kumwaga maziwa ya upande ulioumia hadi upone, na aende kliniki siku hiyohiyo. Kosa kubwa kwake ni kukimbilia uji au maziwa ya ng'ombe kwa sababu ya maumivu, kwani Anna Coutsoudis na wenzake wa Durban walionesha mwaka 1999, kabla dawa hazijaenea, kwamba watoto waliochanganyiwa vyakula waliambukizwa zaidi kuliko walionyonya maziwa ya mama pekee.

Linalobaki ni la mpangilio wa huduma, na ndilo linaloamua kuliko yote yaliyotangulia. Mwanamke aliyejifungua salama katika vituo vyetu huruhusiwa baada ya saa 24 au chini ya hapo, wakati dang'a bado ni kidogo, titi ni laini na chuchu haijaanza kuuma. Matiti hujaa na chuchu huchubuka akiwa nyumbani, na anaporudi kliniki baada ya juma moja au zaidi, uamuzi wa kununua kopo la maziwa umekwishafanywa. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2022, linataka mama na mtoto waonwe tena kati ya saa 48 na 72 baada ya uzazi, na linaunga mkono ziara za nyumbani katika juma la kwanza, ambazo zinaweza kufanywa hata na mhudumu wa jamii aliyefunzwa. Kenya ilizindua mwaka 2023 jeshi la wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, na Tanzania ikazindua mpango wake wa kitaifa mwaka 2024. Watu wa kubisha hodi siku ya tatu basi wapo au wanaandaliwa, ikiwa tu watafunzwa kuutazama mlo mmoja wote badala ya kuuliza kama mtoto ananyonya na kuandika ndiyo.

Na ndani ya nyumba yupo mwalimu wa zamani zaidi, yaani mama mzazi, mama mkwe au shangazi anayemhudumia mzazi katika arobaini. Kauli yake kwamba kila mwanamke huumia na mwisho huzoea imewafariji wengi, lakini imewanyamazisha wengi zaidi. Mama huyo akifundishwa ishara za mshiko kliniki, pamoja na binti yake, kabla mtoto hajazaliwa, atafanya usiku wa manane kile ambacho hakuna kituo cha afya kinachoweza kukifanya. Wakunga na wauguzi wanaombwa wasimruhusu mzazi kwenda nyumbani kabla hawajamwona akimnyonyesha mtoto tangu mwanzo wa mlo hadi mwisho, na mzazi ambaye chuchu zake zimechubuka siku ya tatu asisubiri siku ya saba ndipo atafute msaada.